Pinpointa ipi inafaa pwani ya Tanga? Usianze na bei, anza na mchanga

Mwezi uliopita mjomba wangu mmoja wa Pangani alinipigia simu usiku. Baada ya salamu za nyumbani na habari za watoto, akaja kwenye hoja. Yeye na wenzake watatu wameshanunua dedekta ya mitumba, sasa wanataka kuongeza ile fimbo fupi ya mkononi, pinpointa. Wameona aina tatu mtandaoni. "Mwanangu, we ndiye uliyesoma mambo haya. Tuchukue ipi? Hela tunayo ya moja tu, tukikosea basi."

Nikamwambia anipe siku mbili. Nimesoma jiofizikia mpaka shahada ya uzamili, lakini swali la "tuchukue ipi" halijibiwi na cheti. Linajibiwa na fizikia kidogo na ardhi mnayotaka kuichimba. Nilichomjibu ndicho ninachokuandikia hapa, kwa sababu najua si yeye peke yake. Kuanzia Mkinga mpaka Pangani habari za "mali ya Mjerumani" hazijawahi kuisha, na kila mwaka kuna watu wanaotoa akiba yao kununua mashine.

Pinpointa ni nini hasa

Ukiingia uwanja wa mpira au uwanja wa ndege, mlinzi anakupitishia kifimbo kinachopiga kelele kikifika kwenye funguo. Pinpointa ni ndugu wa kifimbo hicho. Ni fupi, urefu wake kama tochi, mbele imechongoka kama karoti, na hisia zake ziko nchani.

Kazi yake inaanza pale kazi ya dedekta inapoishia. Dedekta kubwa inakwambia "kuna kitu chini, eneo kama la sahani". Unachimba, unatoa bonge la udongo, na kitu hukioni kwa sababu kina rangi ya udongo uleule. Hapo unachomeka pinpointa shimoni au unaipitisha juu ya bonge, nayo inakwambia "hapa hapa". Haitafuti shamba zima. Anayekuuzia pinpointa akisema inasoma mita mbili chini, mrudishie mashine yake na umtakie biashara njema.

Inavyofanya kazi

Kama ulisoma fizikia ya kidato cha nne, utamkumbuka Faraday. Ndani ya ncha kuna waya uliozungushwa mara nyingi, yaani koili, juu ya kijiti cha feraiti. Betri inapeleka umeme unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde, na koili inatoa uga wa sumaku unaobadilika vilevile. Uga huo ukikutana na kitu kinachopitisha umeme, mfano sarafu, unazalisha ndani yake vijimkondo vya umeme vinavyozunguka kama maji kwenye kizingia. Vijimkondo hivyo navyo vinatoa uga wao mdogo wa sumaku. Mashine inausikia huo uga mdogo, inalia au inatetemeka.

Kwa hiyo pinpointa haijui dhahabu. Haijui fedha wala rupia. Inachojua ni kwamba kitu fulani karibu nayo kinapitisha umeme au kina usumaku. Kizibo cha soda, msumari, maganda ya risasi na pete ya bibi, vyote kwake ni wageni wanaobisha hodi kwa mlango mmoja.

Kwa nini tangazo la sentimita lisikubabaishe

Watu wengi wanalinganisha pinpointa kwa umbali: hii inasoma sentimita kadhaa, ile inazidi kidogo, basi ile ni bora. Twende taratibu hapa, maana ndipo hela zinapopotelea.

Ukiwa mbali kidogo na ncha, uga wa koili unapungua kwa mchemraba wa umbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inabaki moja ya nane. Halafu uga unaorudi kutoka kwenye sarafu nao unapungua hivyohivyo njiani. Nane mara nane ni 64. Maana yake ni kwamba ukitaka kuiona sarafu ileile kwa umbali mara mbili, mashine yako inatakiwa iwe na usikivu mara 64.

Sasa geuza hesabu. Tuseme kiwanda kimetoa toleo jipya lenye usikivu mara mbili ya la zamani. Umbali hauongezeki mara mbili. Unaongezeka kwa kama asilimia 12. Kama la zamani liliona sarafu kwa sentimita 5, jipya litaiona kwa sentimita 5 na milimita 6. Hizo milimita 6 unaweza kuzipata bure kwa kukwangua udongo na kijiko.

Ndiyo maana pinpointa nzuri za viwanda mbalimbali hazipishani sana kwa umbali hewani. Zinapishana ukiziingiza ardhini, na ardhi ya kwetu ina vituko vyake.

Mchanga mkavu, mchanga wa maji ya kupwa, na udongo mwekundu

Ukitoka Raskazone ukaelekea bara mpaka Muheza na milima ya Usambara, unapita kwenye ardhi za aina tatu zinazoishi tofauti kabisa na mashine hizi.

Ya kwanza ni mchanga mkavu mweupe wa ufukweni. Mwingi umetokana na matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa. Haupitishi umeme wala hauna usumaku wa maana. Hapa hata mashine ya bei chee inaonekana ya maana. Muuzaji akitaka kukuonyesha mashine yake, atakuonyesha hapa.

Ya pili ni mchanga uliolowa maji ya bahari. Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo yakipwa yanaacha uwanja mpana wa mchanga uliojaa chumvi. Maji ya bahari yanapitisha umeme. Ukilinganisha na shaba ni mara zaidi ya milioni kumi chini, hivyo unaweza kusema si kitu. Tatizo ni kwamba sarafu ni moja, ila maji ya chumvi yameizunguka ncha pande zote. Vijimkondo vidogo vidogo vikijumlishwa vinakuwa kelele. Pinpointa isiyo na ujanja wa chumvi inalia kila ukigusa mchanga, au inabidi uipunguze usikivu mpaka inakuwa kiziwi.

Ya tatu ni udongo mwekundu wa bara, wa Muheza na Korogwe. Wekundu huo ni oksidi za chuma, na baadhi ya oksidi hizo zina usumaku. Hapa hakuna chumvi, lakini udongo wenyewe unajibu kama kipande cha chuma kilichotapakaa. Ukisogeza ncha karibu na ukuta wa shimo inalia, ukiitoa inanyamaza, na sarafu hakuna.

Mashine zina njia mbili kubwa za kukabiliana na mambo haya. Kuna zinazotuma wimbi mfululizo na kusikiliza wakati huohuo. Hizi ni hodari, na baadhi zinaweza kukwambia kama kitu ni cha chuma au si cha chuma, lakini chumvi inaweza kuzisumbua. Nyingine zinatuma kwa mipigo: zinapiga mpigo mmoja wa nguvu, zinakata, zinasubiri kidogo, ndipo zinasikiliza. Huko kusubiri ndiko kuna akili. Vijimkondo ndani ya maji ya chumvi yaliyo karibu na ncha hufa haraka sana, ndani ya sehemu ndogo ya maikrosekunde. Vile vya ndani ya sarafu ya fedha hudumu muda mrefu zaidi. Mashine ikianza kusikiliza, bahari imeshanyamaza na sarafu bado inaongea.

Hasara ya njia ya mipigo ni kwamba kwa kawaida haitofautishi chuma na visivyo chuma. Na udongo mwekundu wenye oksidi za usumaku haunyamazi haraka kama chumvi, hivyo bara nako inaweza kukulilia.

Zile tatu za mjomba

Garrett Pro-Pointer AT, ya Marekani, ndiyo ile ya rangi ya chungwa ambayo watu wanaiita karoti. Inazamishwa majini hadi mita 6, inatumia betri ya volti 9, ina ngazi tatu za usikivu, na ina kitufe cha kuiweka upya haraka. Huyu ni mchezaji wa kati anayecheza namba zote.

Minelab Pro-Find 35 nayo inatumia betri ya volti 9 na inazamishwa hadi mita 3. Sifa yake kubwa ni mlio tofauti kwa chuma. Kama unafanya kazi kandokando ya reli ya zamani ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, sifa hiyo si ya kudharau. Misumari na vipande vya chuma huko ni vingi, na bila mlio huo utachimba chuma chakavu mpaka uchoke. Ila usiuamini asilimia mia, kwani kitu kidogo kilichokaa karibu na chuma kinaweza kufunikwa.

Nokta PulseDive, ya Uturuki, inatumia mipigo, ina betri ya kuchaji na inazama hadi mita 60. Kwa anayetafuta pete zilizopotea kwenye maji ya kupwa au wakati wa kuogelea, hii ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili yake. Kwa wa Korogwe ni kama kununua mtumbwi wa kuvukia barabara.

Usisahau betri. Volti 9 za boksi unazipata Tanga mjini, ila ukiwa kijijini ni kubahatisha. Ya kuchaji inataka umeme au sola. Halafu kuna nakala za bei ndogo zenye rangi na umbo la karoti. Nyingi hewani zinafanya kazi. Tatizo huanza kwenye chumvi, na mipira ya kuzuia maji isipokaa sawasawa, bahari itaingia ndani, na chumvi ikishaingia kwenye saketi ni suala la muda tu.

Jaribu mwenyewe kabla hujatoa hela

Hili jaribio halina gharama na linaumbua mashine mbovu ndani ya nusu saa. Tafuta ndoo ya plastiki isiyo na mkono wa chuma, rula ya plastiki, pete ya fedha, kizibo cha soda na sarafu ya shilingi 500. Ile ya 500 ni ya chuma iliyopakwa nikeli, jaribu kuisogezea sumaku uone inavyonaswa. Kwa hiyo usiitumie peke yake kama mfano wa rupia ya zamani. Rupia ya fedha ya enzi za Mjerumani ilikuwa na uzito wa gramu 11.66 na fedha karibu asilimia 92. Kwa mashine, pete ya fedha inaifanania zaidi.

Kwanza pima hewani, kitu kimoja kimoja, juu ya meza isiyo na misumari. Andika umbali. Kisha jaza ndoo mchanga mkavu, fukia pete, pima tena. Tatu, mwagia maji ya bahari mpaka mchanga ulowe wote, pima tena. Nne, rudia kwa udongo mwekundu kama unaupata. Angalia mambo mawili tu: umbali umepungua kiasi gani, na mashine inalia mara ngapi pasipo kitu. Mashine isiyodanganya kwenye mchanga wa chumvi ni bora kuliko inayoshinda hewani kwa sentimita mbili.

Ujanja mmoja wa bure: iwashe ikiwa hewani, gusisha ncha kwenye mchanga uliolowa mahali pasipo kitu, kisha bonyeza kitufe cha kuiweka upya. Inachukua mchanga ule kama hali ya kawaida na kunyamaza. Utapoteza usikivu kidogo, lakini utapata utulivu.

Ambacho hakuna mashine inayokifanya

Mjomba aliniuliza pia kuhusu mashine ya antena mbili ambayo jamaa mmoja anaiuza. Unaishika, antena zinageuka zenyewe kuelekea dhahabu iliyo mbali. Nilimjibu bila kuzunguka: hiyo ni utapeli. Hakuna uga wa sumaku wa kifaa cha mkononi unaosoma sarafu umbali huo, hesabu ya 64 imeshatuambia. Antena zinageuka kwa sababu mkono wa binadamu hautulii, na mtu akitarajia kitu mkono unamfuata bila yeye kujua. Utapeli wa aina hii umewahi kuwashika hata wakubwa. Muingereza James McCormick aliiuzia serikali ya Iraki vifaa vya antena vya kugundulia mabomu, ambavyo havikuwa na uwezo wowote. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimfunga miaka 10. Pale Iraki watu waliviamini vizuizini.

Sasa lile zito

Pinpointa ikiwa nzuri kiasi gani, kazi yake inaishia kwenye neno "hapa". Na kwenye pwani yetu, mara nyingi thamani yote iko kwenye hilo neno.

Chukua Mtambwe Mkuu, Pemba, ng'ambo ya bahari kutoka Tanga. Mwaka 1984 ilipatikana pale hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, ndogo sana, zenye majina ya watawala wa hapahapa lakini bila tarehe. Pamoja nazo kulikuwa na dinari chache za dhahabu kutoka nje, na hizo ndizo zilizosaidia kuiweka hazina yote kwenye karne ya 11. Fikiria mtu angezichomoa dinari akauze kwa sonara, zile ndogo akaziacha. Tungebaki na vipande vya fedha visivyosema vimetoka wakati gani. Ushahidi kwamba watu wa pwani hii walipiga sarafu zao zaidi ya miaka 900 iliyopita ungeyeyukia kwenye chungu cha sonara.

Au chukua Tanga yenyewe. Tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, jeshi la Waingereza na Wahindi la watu kama 8,000 liliteremka Raskazone na kushindwa na jeshi dogo zaidi la von Lettow-Vorbeck. Askari wengi wa upande wa Mjerumani walibeba bunduki za zamani za mfano wa 1871, risasi nene za baruti yenye moshi. Upande wa pili walitumia risasi za .303. Kwa hiyo ganda moja la risasi, likiandikwa mahali lilipolala, linakwambia nani alisimama pale. Wamarekani walifanya hivyo mwaka 1984 kwenye uwanja wa vita wa Little Bighorn: walipita na dedekta, wakaandika mahali pa kila risasi, wakafuatilia mapigano upya hatua kwa hatua. Ganda hilohilo likiwa kwenye kopo la mtu nyumbani ni shaba chakavu tu.

Na si kila kinacholia ni ganda tupu. Meli ya kivita HMS Fox ilipiga mizinga Tanga siku zile. Ufaransa na Ubelgiji wakulima bado wanafukua makombora ya vita hiyohiyo kila mwaka, na yapo yanayoua. Ukiona chuma cha mviringo kilichochongoka, au risasi isiyofyatuliwa, usikigonge, usikisafishe. Weka alama, ondoka, waite polisi.

Kuna na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kuvitafuta au kuvichimba kunahitaji leseni. Vya baadaye navyo vinaweza kutangazwa kuwa vinalindwa. Tongoni, kwenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, usipeleke hata kifimbo cha mlinzi. Ukikuta kitu cha kale shambani kwako wakati unalima, kiache kilipo, piga picha, toa taarifa.

Nilichomjibu mjomba

Siku ya pili nilimpigia. Nikamwambia, kama kazi ni kutafuta pete na simu za wageni kwenye fukwe za Pangani maji yakipwa, na mwenye kitu akawapa ujira, chukueni ya mipigo. Kama mnazunguka na wauza chuma chakavu bara, chukueni yenye mlio wa chuma. Kama hamjui mtafanya nini, karoti ya kweli, si ya bandia, itawatosha. Na kama mnataka kuchimba mali ya Mjerumani, hela hiyo gawaneni mrudi nayo nyumbani.

Akacheka. Akaniuliza, "Na lile kopo la visarafu alilolikuta shangazi yako mwaka juzi alipochimba choo?"

Nikamwambia lile kopo ndilo la kwanza. Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima, yeye na shangazi wakakumbushana choo kilichimbwa upande gani wa mwembe, na kopo lilikuwa kina gani, kiunoni au kifuani. Nimeandika yote. Wiki ijayo naenda Pangani na tepu ya kupimia, tuchore ramani ya mahali pale, kisha tupeleke taarifa kunakohusika. Sijabeba pinpointa. Kwa kazi hii, kumbukumbu ya shangazi inatosha.